Chanjo Zimepoa, Mimi Naiva

Juba, Sudan Kusini, mwezi wa pili

Mama, Papa, Koko, Mjomba, na ninyi wadogo zangu mnaosoma barua za watu kabla hazijamfikia mwenyewe,

Nimefika. Niko mzima, ila nimepungua, na si kwa njaa. Nimepungua kwa jasho.

Koko aliuliza kama huku ni usiku wakati kwetu Mususa, Butembo, ni mchana. Hapana, Koko. Tangu Februari 2021 Sudan Kusini imerudisha saa zake nyuma, kwa hiyo saa ya Juba ndiyo saa ya Butembo. Asubuhi mkinywa chai, ukungu umefunika vilima vyote, jueni kwamba na mimi nakunywa yangu. Tofauti ni moja tu: yangu haipoi.

Mama, zile triko mbili na kabuti ulizonilazimisha kuvaa zimefanya safari nzuri. Kipande cha Beni hadi Kasindi mnakijua. Tulikwenda kwa msafara wenye askari, na sitakieleza hapa ili uendelee kusoma kwa utulivu. Kasindi, kwenye bonde la Semliki, nilivua kabuti. Kampala nikavua triko ya kwanza. Entebbe nikavua ya pili mbele ya mashine ya ukaguzi, ofisa akanitazama kama mtu anayemenya kitunguu. Juba mlango wa ndege ulipofunguliwa, sikubaki na kitu cha kuvua ambacho ungekubali nikivue mbele za watu.

Sasa nisikilizeni dhuluma niliyokutana nayo hapa. Wajitoleaji wenzangu wa Umoja wa Mataifa wametoka kila pembe ya dunia, na wote waliposikia mimi ni Mkongo, tena wa pale pale kwenye ikweta, walifurahi. Wakanipa chumba kinachopigwa na jua tangu saa sita hadi machweo. "Wewe umezoea," wakasema. Nimezoea nini? Nikawachorea ramani. Butembo iko kwenye ikweta, ndiyo, lakini iko juu zaidi ya meta 1,700, na huko tunalala na mablanketi mwaka mzima. Juba iko karibu digrii tano kaskazini mwa ikweta, ila iko chini, meta 550 hivi, pembeni ya Nili Nyeupe, na mwezi huu joto linafika nyuzi 40 bila kuomba ruhusa. Walinisikiliza kwa heshima, kisha mmoja akaniuliza kama nyumbani tunafuga simba.

Anayenitia aibu kuliko wote ni Mfini. Mtu ametoka nchi ya barafu, nikajua nimepata mwenzangu wa kuteseka naye. Kumbe! Kwao kuna watu milioni tano na nusu na vyumba vya sauna kama milioni tatu, yaani wanajenga chumba, wanakiwasha moto, wanaingia ndani kwa hiari yao na kuita hiyo mapumziko. Saa nane mchana mimi nimelala kwenye saruji nikiomba Mungu, yeye anapita na kikombe cha kahawa ya moto na kunipigia mluzi wa salamu.

Na msidhani mtoto wenu ni laini. Mwezi wa Machi 2024 serikali ya hapa ilifunga shule kwa sababu ya joto lililotarajiwa kufika nyuzi 45, na mwaka 2025 ikafunga tena. Bomba la bafuni lenye alama ya buluu linatoa maji ya kunyonyolea kuku. Usiku majirani wanatoa vitanda nje, chini ya mwarobaini, na wanalala kama watakatifu. Mimi nimetoa changu pia. Mbu walinipokea vizuri kuliko ofisi.

Papa, umeuliza kuhusu kazi. Ni ile ile niliyojifunza kwetu wakati wa Ebola, 2018 hadi 2020, tulipokuwa tunahangaika kuweka chanjo kati ya nyuzi 60 na 80 chini ya sifuri katika mji ambao umeme wake tunaujua sisi wenyewe. Chanjo za hapa hazidekezwi hivyo. Nyingi zinataka nyuzi 2 hadi 8 tu, pamoja na ile ya malaria ambayo nchi hii ilianza kuwapa watoto Julai 2024. Nazunguka vituo vya afya kukagua friji za sola, na wauguzi nawafundisha kuandika joto asubuhi na jioni, hata siku za mapumziko. Nakiri kwamba nafungua mlango wa friji polepole kuliko inavyotakiwa. Kwenye chupa nyingi kuna kibandiko chenye mraba mdogo unaogeuka mweusi kadiri chupa inavyopigwa na joto. Ukifikia weusi wa duara linalouzunguka, chupa inatupwa. Kingekuwa kwenye paji langu la uso, mngekuwa mmeshanizika.

Mjomba, nimepata ujumbe wako. Najua safari yangu inakusumbua. Mtu wa Butembo akivuka mpaka bila bidhaa, watu huuliza kama amefilisika. Wewe unakwenda Dubai na Guangzhou unarudi na kontena, mimi nimekwenda Juba kujitolea. Kujitolea si kufanya bure kabisa: kuna posho ya kujikimu, inatosha chumba, chakula na maji, maji hasa. Haitoshi bati za nyumba yako ya pili. Nimekwenda soko la Konyo Konyo kama ulivyoagiza. Kabeji, nyanya na vitunguu vingi vinatoka Uganda, vinaingia Nimule, kisha kilomita 192 za lami hadi hapa. Viazi vya Lubero vingeshangiliwa, lakini kwanza vifike, na wewe unaijua barabara yetu kuliko mimi.

Lile wazo lako la balo la makoti ya mitumba nilicheka nalo siku nzima. Nikamsimulia hata Mfini. Makoti, Juba! Halafu juzi nikaamka kabla ya jua, nikatoka kutafuta bodaboda. Kipimo changu cha kazini kilikuwa kinasema nyuzi 26. Madereva walikuwa wamesimama kwenye kona, wamejikunyata, kila mmoja ndani ya koti zito lililofungwa hadi kidevuni, na mmoja alikuwa na glovu.

Wanapendelea yenye kofia, Mjomba. Bei nitaiuliza kesho.