Uliza Shangazi: Pasi Ipi?

Barua za wiki hii zimetoka Maramba na vijiji jirani, na ugonjwa wa zote ni mmoja: pasi. Neno hili Mwingereza alituachia likiwa jembamba, sisi tukalilisha mpaka likanenepa. Nimejibu zile nilizoweza kusoma bila kucheka. Waliobaki wanajijua.

*Shangazi, mchumba wangu yuko kambi ya JKT hapa Maramba. Juzi aliniandikia: "Pasi imetoka, Jumamosi nakuja kwenu." Baba akasema kijana kapata hati ya kusafiria, anakwenda Omani, mahari ipande. Mama akasema kafaulu mtihani. Kaka yangu akasema huo ni mpira tu. Mwenyewe alikuja, akala kuku karibu mzima, na saa kumi jioni akaondoka mbio, hata maji ya kunawa hakusubiri. Je, nina mke mwenzangu? — Niliyeachiwa Mifupa, Daluni*

Unaye, mwanangu, naye ni afande wa zamu. Pasi ya kambini ni ruhusa yenye saa ya kutoka na saa ya kurudi, na hiyo ya kurudi ndiyo inayotiliwa mkazo. Baba yako simlaumu sana. Jeshi la Kujenga Taifa lipo tangu Julai 10, 1963, lakini vijana kwenda kwa mujibu wa sheria kulisitishwa mwaka 1994, kukarudi 2013. Katikati hapo wamepita wakwe wengi wasiojua hata kuruta anaamkaje. Mwambie tu asidai mahari ya Omani kwa posho ya kambini. Na safari ijayo pika mapema.

*Shangazi, mwanangu wa kidato cha nne alikuja akiimba, "Mama, nimepasi!" Nikachinja jogoo, nikaita majirani. Leo mwalimu ananiambia mtoto ana D mbili, masomo mengine yote F. Nimdai mtoto jogoo wangu? — Mama Mkarimu, Bosha*

Usimdai, kwa sababu hakusema uongo. D huanzia alama 30 hadi 44, na D ni pasi. D ina pointi nne, F ina tano. Chukua masomo saba, D mbili na F tano, jumlisha: pointi 33. Hiyo ndiyo pointi ya mwisho kabisa ya daraja la nne. Angepungukiwa na D moja angefika 34, na 34 ni sifuri. Kwa hiyo kijana kapita, ila kapita kwa ubavu, pumzi kaibana. Kosa ni lako: mtoto akikwambia amepasi, mshike mkono kwanza umuulize kwa ngapi, ndipo utafute kisu. Hata mtihani wa Taifa una adabu ya kuandika daraja.

*Shangazi, mume wangu anaendesha bodaboda njia ya Mabokweni. Kila siku ananiambia mchana hali, anapiga pasi ndefu. Mimi najua kupiga pasi nguo, na pasi ndefu naijua ya Mkwakwani, Coastal Union wakicheza. Hii ya tatu ni ipi? — Msusi wa Ukili, Gombero*

Hii ni pasi ya wenye njaa, mama. Mtu anachelewesha kula kwa makusudi, anashusha mlo mmoja mzito saa tisa, ukamtosha chakula cha mchana na cha usiku. Mpira unarushwa kutoka goli hadi goli, katikati haugusi mtu. Wengi wanaipiga kwa shida, na hao nawapa pole. Lakini nikuulize wewe unayelala naye: jioni akija, bada yako anaimalizaje? Mpiga pasi ndefu wa kweli akifika nyumbani hajui hata kuvua viatu. Huuliza sufuria iko wapi. Wako, kwa barua yako ndefu niliyoikata hapa, anafika ana harufu ya pweza wa kuchoma na anasema hajisikii kula. Huyo kuna mtu anampasia mipira mifupi mifupi njiani. Chunguza vituo, usichunguze kamusi.

*Shangazi, nilifika Horohoro nikielekea Lunga Lunga. Nikaulizwa, "Pasi?" Nikajibu suruali yangu ni ya kitambaa kisichokunjamana. Watu wote kwenye foleni wakageuka. — Nadhifu, Duga*

Usione haya. Kamusi kubwa ya Oxford, toleo la 1989, ilitaja maana 430 hivi za kitenzi kimoja cha herufi tatu, *set*. Baadaye *run* nayo ikahesabiwa, ikafika 645. Wenye lugha yao wamezama humo, sembuse wewe na begi kichwani. Katafute hati.

*Shangazi, jirani alinikopa pesa akaandika kwa mkono wake: "Nitakulipa pasi na hila." Mwezi wa nne huu. Hila nimeiona. Pasi bado. — Mvumilivu, Maramba*

Mvumilivu, pasi hiyo haikuja na meli wala haina mkaa ndani. Ni ya kwetu, maana yake ni "bila". Sasa kwa kuwa hila umekwisha kuipokea, mkataba kauvunja mwenyewe. Nenda nao kwa mwenyekiti wa kitongoji, na ukipita uani kwake angalia kamba ya nguo. Kama shati limenyooka, pasi anayo. Ichukue rehani.