Namna ya Kumchora Mheshimiwa

Kwanza, pata mheshimiwa. Huna haja ya kumtafuta, maana huletwa na kamati. Mchoraji Graham Sutherland aliletewa Winston Churchill mwaka 1954, Waziri Mkuu wa Uingereza aliyekuwa anakaribia kutimiza miaka 80, na walioagiza picha, iwe zawadi yake, ni wabunge. Mzee alitaka achorwe na joho lake la nishani ya Garter. Wenye hela wakasema hapana, suti ya bungeni. Ukisikia mabishano ya aina hii, chonga penseli na unyamaze.

Turubai liache nyumbani. Nenda kwake, Chartwell, na karatasi za kutosha. Inasimuliwa kwamba mzee aliuliza kama atachorwa malaika au mbwa mkali. Swali kama hilo mjibu kwa kumwomba ageuze shingo kidogo. Na usimchore mzima kwa mkupuo. Chukua kichwa peke yake, kirudie. Chukua mikono bila mwenyewe. Mstari ukienda kombo usifute, piga mwingine pembeni yake, kisha mwingine, mpaka mmojawapo ukubaliane na shavu. Wanaopenda raba hupata karatasi safi sana, ila mtu hayumo. Karatasi chafu ndiyo inayoonyesha ulisita wapi, uliona nini ukaogopa, na ni mstari gani ulioamua kwamba huyu mzee amechoka.

Uchovu huo ukishauona, una njia mbili: uuache kwenye penseli, au uupandishe kwenye rangi. Sutherland aliupandisha.

Picha ikazinduliwa tarehe 30 Novemba 1954, Westminster Hall, mbele ya wabunge na kamera. Churchill akashukuru kwa kuiita mfano wa ajabu wa sanaa ya kisasa, na ukumbi ukaangua kicheko. Waliosema nyani haoni kundule hawakuwahi kumwona akionyeshwa lake hadharani, siku ya kuzaliwa. Picha ikapelekwa nyumbani, haikutundikwa, na mwaka 1978 dunia ikaarifiwa kwamba mkewe, Bi. Churchill, aliagiza iteketezwe.

Michoro ya awali ipo. Mingine inatunzwa National Portrait Gallery, London, kwa sababu haikuwamo kwenye zawadi.

Kwa hiyo siku ya kukabidhi kazi, mpe mheshimiwa picha, fremu na risiti. Akiulizia zile karatasi za penseli, mwambie zililiwa na mchwa.