Bandeji ya Shangazi

Ujumbe uliingia kwenye kundi la ukoo usiku, watu wakijiandaa kulala: "Shangazi kafanyiwa upasuaji leo. Anaendelea vizuri, ila anatafuna bandeji." Kabla mtumaji hajaongeza neno, pole zikamiminika. Mjomba wa Iringa akauliza kalazwa wodi gani. Binamu mmoja, mtu asiyependa kuitwa mchoyo, akatuma elfu ishirini kwa simu iwe nauli ya watakaokwenda kumwona. Mpaka ikarushwa picha ya mgonjwa, masikio yamesimama wima, ndipo ukoo ukaelewa kwamba Shangazi ni sungura.

Jina hilo alilipata kwa haki. Aliletwa Tabata akae siku chache tu, mwenye kumfuga akiwa safarini, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kumuuliza anaondoka lini. Kilichompeleka kwa daktari wa mifugo ni jipu la ubavuni, baada ya kung'atwa na dume la jirani. Jipu la sungura si la kutumbua likaisha. Usaha wake ni mzito mithili ya dawa ya meno, hautiririki, kwa hiyo daktari hulikata na kulitoa pamoja na kifuko chake. Shangazi akapigwa nusu kaputi, akapasuliwa, akashonwa, akazungushiwa bandeji nyeupe tumboni, akarudishwa nyumbani ndani ya boksi la mafuta ya kula.

Gari lilipofika getini, bandeji ilikuwa imebaki nusu.

Jirani, mwenye dume lile, alichungulia juu ya ukuta akasema hayo ndiyo malipo ya kumpeleka panya hospitali. Kisayansi alikuwa amechelewa sana. Sungura walitengwa na kundi la panya mwaka 1912, na sababu mojawapo imo kinywani mwao: nyuma ya meno mawili makubwa ya mbele ya juu yamejificha mengine mawili madogo. Kwa jumla sungura ana meno 28, na yote hukua maisha yake yote. Yale ya mbele huongezeka takriban milimita 2 kwa wiki, na yasipopata cha kuyapunguza hurefuka hadi mwenyewe akashindwa kula. Mnyama wa namna hiyo ukimvika kitambaa laini tumboni, umemfungia kazi.

Mama mwenye nyumba alianza na soletepu. Aliizungusha juu ya bandeji kwa ufundi wa mtu anayefunga mzigo wa kwenda Mwanza kwa basi. Usiku kucha ikasikika kwaru, kwaru, kwaru. Asubuhi soletepu ilikuwa vipande, na vipande vingine havikuonekana. Hapo utani ukapungua, maana sungura hawezi kutapika. Alichokimeza hakina njia ya kurudi, na kitambaa au plastiki ikikwama ndani, tumbo linaweza kuacha kufanya kazi. Familia nzima ikapiga magoti mbele ya banda na tochi ya simu, ikikagua kinyesi punje kwa punje. Kipande cha soletepu kilipopatikana kikiwa salama, kilishangiliwa kama bao.

Bibi akaona watu wanahangaika bure. "Nyote humu ndani niliwaachisha ziwa kwa shubiri," alisema, "sembuse huyu." Akapaka. Shangazi akanusa, akalamba, akatulia kidogo, kisha akaendelea alipoishia. Bibi alikuwa amesahau kwamba mnyama huyo kila jioni hupewa fungu la mchunga, mboga ambayo wajukuu wake hawaimalizi hata ikipikwa na nazi. Daktari alipopigiwa simu akapiga marufuku shubiri hapohapo, kwa kuwa inaharisha. Pilipili, iliyokuwa inasubiri zamu yake kwenye kinu, nayo ikarudishwa jikoni, isije ikaingia kwenye mshono na machoni.

Zamu ya Baba ikafika. Alikwisha kuona mbwa wakivalishwa kola ya plastiki shingoni baada ya kushonwa, akatafuta plastiki nyepesi isiyokwaruza, na nyumbani ilikuwepo moja tu: picha ya eksirei ya mgongo wa Babu. Akaikata tundu katikati, akaikunja, akaifunga kwa kamba ya kiatu. Shangazi akaanza kuzunguka sebuleni na pingili za Babu zimemzingira kichwa, akitembea kinyumenyume, akigonga miguu ya meza, na kila akigonga anapiga mguu wa nyuma sakafuni kwa hasira, du!

Kola ilimweza meno, lakini ikamnyima na mengine yote. Macho ya sungura yako kandoni. Huona karibu pande zote bila kugeuza shingo, isipokuwa pale mbele ya pua, ambapo hutegemea sharubu na midomo. Sasa sharubu zilikuwa zinapapasa eksirei. Akagoma kula. Kwa sungura, kutokula wala kutoa kinyesi kwa nusu siku ni dharura. Juu ya hilo kulikuwa na joto la Dar es Salaam: sungura hupunguza joto kwa kupitia masikio, na ya Shangazi yalikuwa yamebanwa ndani ya kola.

"Halafu," daktari akaongeza kwenye simu, "hapo hawezi kula kinyesi chake."

Kimya kikatanda. Ikabidi aeleze. Sungura hutoa kinyesi cha aina mbili: zile punje kavu zinazofagiliwa, na kingine laini, chenye protini na vitamini za kundi B, ambacho huinama na kukila palepale kinapotoka, mara nyingi usiku au alfajiri. Akikikosa, anakosa sehemu ya chakula chake. Baba, ambaye kila asubuhi humbusu Shangazi mdomoni kabla ya kwenda kazini, alikwenda kupiga mswaki.

Daktari aliagiza mgonjwa arudishwe. Hakuuliza wamtafutie kizuizi gani. Aliuliza anatafuna kwa nini. Bandeji ilikuwa imebana na kulowa mkojo kwa chini, na Shangazi alikuwa amejikunja, macho nusu yamefumba, akisaga meno kwa nguvu, dalili ya maumivu. Bandeji ikatolewa moja kwa moja. Mshono ulikuwa mkavu, na daktari akasema vidonda vingi vya sungura hupona vizuri zaidi vikiachwa wazi. Akatoa dawa ya maumivu ya kunyweshwa kwa bomba la sindano, akasisitiza miguu ya nyuma ishikwe vizuri, kwa sababu sungura akirusha teke hewani anaweza kujivunja uti wa mgongo.

Kazi hiyo akapewa Bibi. Alimviringisha Shangazi kwenye kanga kama kichanga, akapenyeza bomba pembeni mwa mdomo, pale penye nafasi kati ya meno ya mbele na magego, na dawa ikaisha kabla mgonjwa hajajua kulikoni. Ubavuni akavikwa mkono wa fulana kuukuu uliotobolewa matundu ya miguu. Mbele yake wakamwaga ukoka, mchunga na vipande vya boksi. Maumivu yalipopungua, fulana hakuigusa. Aliitafuna kola, iliyokuwa imesahauliwa chini ya kochi.

Babu naye alikuwa na miadi hospitalini. Daktari wake alitaka kulinganisha mgongo wa sasa na wa zamani, akaomba ile picha. Babu akaitoa kwa heshima zote kwenye bahasha, ambamo ilikuwa imerudishwa kimyakimya. Ikawekwa kwenye taa: pingili za juu zilikuwepo, za chini zilikuwepo, na katikati palikuwa na tundu la duara lenye alama za meno pembeni. Daktari akaitazama kwa muda, akamtazama Babu, akamwandikia nyingine.