Kijapani cha Mkato: Kukataza na Kueleza Mazoea Bila Kukesha na Kitabu

Wewe wa Mikese tayari una mwalimu wa Kijapani, na umeshampanda mara nyingi kwenda stendi ya Msamvu. Dereva wa Noah, gari lililotumika Japani kwanza, akizungusha ufunguo asubuhi, sauti ya dada mmoja inatoka kwenye dashibodi: "ETC kaado ga soonyuu sarete imasen." Abiria wanaendelea kubishana juu ya chenji. Dada anasema kadi ya ushuru wa barabara haijachomekwa, na kadi yenyewe ni ya barabara za kulipia za Japani, kwa hiyo huku Morogoro anahangaika bure. Wewe sikiliza mwisho wa maneno yake: "-te imasen". Shika hapo hapo, maana ndipo mlango ulipo.

Vitabu hukupa makatazo sura hii na mazoea sura ile, na ukifika ya pili ya kwanza imeshakutoka. Zisome pamoja. Zote mbili zinakaa juu ya umbo moja la kitenzi, lile linaloishia na -te au -de. Ongeza "wa ikemasen", umekataza. Ongeza "imasu", umeeleza jambo unalolifanya siku zote. Hataraku ni kufanya kazi: "SUA de hataraite imasu," nafanya kazi SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. "Koko de hataraite wa ikemasen," hairuhusiwi kufanya kazi hapa. Jirani yako anayesoma kwa mpangilio usimwambie kwanza.

Hatua ya kwanza: pata hiyo -te. Taberu (kula) na wenzake wa aina yake hawana shida: ondoa -ru, weka -te, umepata tabete. Vingine vinakwenda kwa mwisho wake. Vya -u, -tsu na -ru vinakuwa -tte. Vya -mu, -bu na -nu vinakuwa -nde. -Ku inageuka -ite, -gu -ide, -su -shite. Iku (kwenda) ni mkaidi, anakuwa itte. Suru ni shite, kuru ni kite. Usivikariri umekaa. Viimbe kwa mdundo wa mchakamchaka ukiwa njiani: "mu, bu, nu!" na wewe mwenyewe ujiitikie "nde!" Aliyesoma shule ya msingi Tanzania ana mdundo huo miguuni hadi leo, na kitu kilichoingia kwa miguu hakisahauliki upesi.

Hatua ya pili ni kufurahia usichotakiwa kusoma. Kitenzi cha Kijapani hakijali mtendaji ni nani. Wewe hilo hulishangai, kwa sababu ya hu- yako: mimi hulima, yeye hulima, sisi hulima. Irabu zao ni tano kama zetu, na silabi zao karibu zote huishia na irabu. Mwingereza akifika kwenye "hataraite" anatoka jasho. Wewe unaitamka kama jina la kitongoji. Jihadhari tu na herufi zilizoandikwa mbili. Katika "itte" bana pumzi kidogo kabla ya t, la sivyo utakuwa umesema neno lingine.

Hatua ya tatu: chagua ukali wako. "-te wa ikemasen" ni sauti ya mwalimu na kanuni. Nyumbani mama hufupisha: "Tabecha dame," usile. Kitenzi kikiongezewa "na" peke yake, kama "hairu na", usiingie, hayo ni ya kibao cha hatari. Mgeni hapewi. Mgeni hupewa "-naide kudasai", na kwa wiki ya kwanza kariri tatu tu: sawaranaide, usiguse, hairanaide, usiingie, toranaide, usichume.

Hiyo "toranaide" ina mahali pake. Wajapani Morogoro si wageni wa jana: wafanyakazi wao wa kujitolea wamekuwa wakija Tanzania tangu 1967, na kati ya 1999 na 2004 SUA na JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa, walikuwa na mradi uliofanya kazi na wanavijiji wa Uluguru. Basi siku moja utampandisha Mjapani mmoja mlimani, kwenye hifadhi ya mazingira asilia. Atainama mbele ya ua dogo la zambarau. Ni Saintpaulia, ambalo milima yetu hii ni mojawapo ya makao yake ya asili. Kwao hulipanda kwenye vyungu na kuliita sentopooria. Vidole vitamwasha. Sema taratibu: "Toranaide kudasai." Ua limepona, na sifa zako zitafika Mikese kabla yako.

Hatua ya nne: jisifu. Sema "Maiasa hashiru koto ni shite imasu," nimejiwekea utaratibu wa kukimbia kila asubuhi. Inakupa heshima ya mtu mwenye msimamo, ila mgeni anaweza kukugongea mlango saa kumi na mbili alfajiri mkimbie wote. Samuel Wanjiru wa Kenya angemfungulia: alikwenda Sendai mwaka 2002 akasoma sekondari huko, na 2008 akachukua dhahabu ya marathoni Beijing. Kama wewe unapenda kulala, badilisha kipande kimoja: "hashiru yoo ni shite imasu," najitahidi kukimbia. Mtu anayejitahidi anaruhusiwa kukosa siku mbili tatu, na hajasema uongo.

Hatua ya tano ni ya siku utakayokwama, na itakuja. Mgeni ameinua simu ampige picha bibi anayeuza ndizi kando ya lami, bila kuomba. Kichwani mwako -te imepotea, -naide imepotea. Inamisha kichwa, vuta hewa kidogo kati ya meno, sema: "Shashin wa chotto..." Halafu nyamaza. "Picha, kidogo..." basi. Usimalizie, hata kitenzi kikikurudia. Wajapani wenyewe hukataana hivyo kila siku, na msikilizaji hujaza mwenyewe kilichobaki. Simu itashuka. Mpeleke kwa bibi, mfundishe kusema "Shikamoo, naomba nikupige picha," na anunue ndizi kwanza.