Nimeacha Kitimoto, Mnataka Nini Tena?

Jumatano ya Majivu ya mwaka huu wa 2026 iliangukia Februari 18, na mimi nilitoka kanisani na majivu usoni nikijiona nimeshakuwa nusu mtakatifu. Nilikuwa nimeshatangaza jumuiyani, mbele ya mashahidi, kwamba Kwaresima hii naacha kitimoto. Wanajumuiya wakapiga makofi. Mkaangaji wa pale kibandani, ambaye huanza kukata nyama akiniona tu nakunja kona, angelia.

Ijumaa, natoka kwenye Njia ya Msalaba, magoti yananiuma kwa vituo vyote 14, nikakutana na jirani yangu Mwislamu. Ramadhani nayo ilianza wiki hiyo hiyo, nikaona nimweleze habari yangu kama mfungaji kwa mfungaji. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishika mkono. "Hongera sana, jirani. Mimi nimekiacha tangu kuzaliwa." Akaenda zake. Yeye hajaonja hata tone la maji tangu alfajiri. Mimi nimeshika chupa.

Nyumbani ndiko kulikochafuka zaidi, maana Mama Neema hasahau kitu.

"Mwaka juzi uliacha sukari, daktari alikuwa ameshakukataza. Mwaka jana bia, ulikuwa unameza dawa. Mwaka huu kitimoto, kimepanda bei. Baba Neema, hivi Mungu unamtolea sadaka au unamwagia taka?"

Nikajitetea kwa hesabu. Tangu Majivu mpaka Jumamosi Kuu ni siku 46. Ukitoa Jumapili 6 ndipo unapata zile 40. Kwa hiyo Jumapili nikionekana kibandani, niko kihalali. Nikaongeza kwamba sheria ya kufunga inatubana kuanzia miaka 18 mpaka 59, na mimi nimebakiza minne tu. Kanisa letu linamstaafisha mfungaji mwaka mmoja kabla ya Serikali!

Hakucheka. Alifungua Waraka kwa Wafilipi, sura ya 3, akanisukumia. Mle Paulo anataja kabila lake la Benyamini, ufarisayo wake, uhodari wake wa kushika sheria, mambo ya heshima tupu. Halafu yote anayafananisha na kitu ambacho marehemu mama yangu hakuruhusu kitajwe tukiwa mezani.

"Sasa toa simu," akasema.

Simu! Saa mbili mpaka saa tatu usiku, kila siku, inalala kwenye ndoo ya unga, kifuniko juu, na mimi nakaa na Biblia. Ndugu msomaji, nyama inaachika. Nyama haikuiti usiku.

Siku ya kwanza nilisali kwa bidii zote. Nikaombea watoto, wagonjwa, marehemu, Rais, mvua. Nikainua macho kwenye saa ya ukutani: dakika saba. Zile 53 zilizobaki nilikaa mbele za Mungu kama mtu aliyekutana na mkwewe kwenye daladala: salamu zimekwisha, kituo bado.

Mara ndoo ikanguruma. Nani huyo? Kundi la ukoo? Wale tuliosoma nao, ambao hawajawahi kuandika jambo la maana tangu kundi lianzishwe? Au Yanga wamefungwa? Nikakohoa. Nikasema naona kama unga umeingia wadudu, niuangalie. Mama Neema hakuinua hata kichwa kwenye ufumaji wake. "Wadudu watasubiri saa tatu."

Ndipo nikakumbuka, bila kupenda, jinsi rozari yangu ilivyokuwa ikisaliwa siku zote: mkono mmoja kwenye punje, mwingine unajibu watu. Na watu ndio waliokuwa wanajibiwa vizuri.

Ninalalamika, na nitalalamika mpaka Pasaka. Kitimoto nimerudishiwa, Mama Neema anasema hakikuwa na kesi. Ajabu ni kwamba wiki ya pili hii sijaenda, mkaangaji kanipigia kuuliza kama naumwa. Alipiga saa mbili na nusu, bila shaka, akaongea na unga.

Jana nilifika dakika 19 kabla sijaitazama saa. Basi, mwenye shida nami kati ya saa mbili na saa tatu usiku aje apige hodi. Ila asije na matokeo ya mpira.