Ngeli za Bega: Uainishaji wa Awali wa Wagonjwa wa Benchi la Mkuyuni

Bega ni nomino ya ngeli ya LI-YA: bega linauma, mabega yanauma. Nimelifundisha hilo miaka 31 bila kufikiri kwamba siku moja nitakuwa mfano wake. Mwaka jana bega langu la kulia liliganda. Shati nikawa navalishwa, na ndani ya daladala ya Buhongwa sikulifikia tena bomba la juu, hivyo kila breki niliangukia abiria. Ndipo nikaishia kwenye benchi la chumba kimoja cha mazoezi ya viungo hapa Mkuyuni, ambacho sitakitaja kwa sababu benchi lenyewe lina msumari. Mwalimu mstaafu asiye na madaftari ya kusahihisha huanza kusahihisha watu.

Baada ya wiki sita za uchunguzi, nathubutu kudai kwamba wagonjwa wa bega huainishika kwa ngeli, kila mmoja kufuatana na nomino anayoitaka.

Ngeli ya A-WA humtaka mtu, yaani mkono wa mtu, wenye mafuta, unaochua mpaka mgonjwa apige kelele. Humu wamo akina mama wa magunia ya dagaa. Kwao tiba isiyouma ni salamu tu.

Ngeli ya KI-VI hutaka kifaa. Kiongozi wao ni konda aliyeliwa bega na kazi ya kuning'inia mlangoni. Kila asubuhi huuliza, "Dada, leo mashine ipo?" Umeme ukikatika anageuza kwenda zake, ingawa kuinua mkono hakujawahi kuhitaji umeme.

Ngeli ya I-ZI hutaka sindano, na ikiwezekana sindano zi mbili. Hawa wana hoja, maana sindano ya steroidi ndani ya kiungo hutuliza maumivu, hasa ugonjwa ukiwa mchanga. Tatizo ni kwamba bega kuganda hupenda sana wenye kisukari, na sindano hiyohiyo huweza kuwapandishia sukari kwa siku kadhaa.

Ngeli iliyonifurahisha kuliko zote ni ya mahali. Mkuyuni lenyewe ni neno la ngeli hii, mkuyu uliovishwa -ni ukageuka mtaa, kwa hiyo sikupaswa kushangaa. Siku moja aliingia mzee mvuvi wa dagaa.

"Shikamoo babu," binti wa fiziotherapia akamwamkia. "Panauma wapi?"

"Marahaba. Hapa panauma," akaweka kidole kimoja juu ya mfupa wa bega. "Halafu huku kunauma," kiganja kizima kikateremka hadi karibu na kiwiko. Akanyamaza kidogo, akakunja ngumi na kuikandamiza kwapani. "Ila humu, mjukuu wangu, mnauma kweli."

Nilitaka kusimama nipige makofi. Katika miaka 31 sikumpata mwanafunzi aliyenipa PA, KU na MU kwa mpigo, bila kosa, tena kwa vielelezo. Na kitabibu alikuwa sahihi: bega lililoganda huuma "mu". Ule mfuko unaozunguka kiungo huvimba, huwa mnene, kisha husinyaa kama sweta lililofuliwa kwa maji ya moto, na mkono hukosa pa kwenda. Alichobishia mzee ni tarehe ya kurudi. Usiku wa giza yuko ziwani na taa zake. Mwezi ukiwa mpevu ndipo anaweza kuja. Binti akafungua kalenda kuutafuta mwezi.

Imebaki ngeli ya KU, ya vitenzi-jina: kuinua, kunyoosha, kuzungusha. Hapa nilitegemea kujaza ukurasa. Nilimpata mtu mmoja, naye alikuwa amekosea mlango.

Sababu iko kwenye kauli. Mgonjwa husema kuchuliwa, kuchomwa, kunyooshwa. Binti hujibu inua, nyoosha, rudia mara kumi, asubuhi na jioni. Wanazungumzia bega moja kwa kauli mbili, na kila mmoja anaondoka akidhani mwenzake hakusikia.

Lakini siwacheki. Ernest Codman, daktari wa Boston aliyeupa ugonjwa huu jina la bega lililoganda mwaka 1934, alikiri kwamba ni mgumu kueleza na mgumu kutibu. Mwaka 2020 Waingereza walitoa matokeo ya wagonjwa 503 kutoka hospitali 35. Wengine walipewa fiziotherapia pamoja na sindano, wengine walinyooshwa bega wakiwa nusukaputi, wengine walipasuliwa kwa matundu madogo. Baada ya mwaka mmoja hakuna tiba iliyoziacha nyingine mbali. Kama tiba zenyewe zinakaribiana hivyo, basi anachopenda mgonjwa, anachomudu na anachokiogopa si deko. Ndivyo vinavyopaswa kuulizwa kwanza, hata kama jibu litakuwa mwezi mpevu.

Mimi nilijiweka ngeli ya KU, kwa heshima ya taaluma. Nyumbani vidole hutambaa ukutani kama buibui hadi vinapokwama, nami nachora mstari wa chaki na kuandika siku. Jumatatu, Jumanne na Jumatano mstari haukusogea. Alhamisi asubuhi nikakuta mwingine, shubiri nzima juu ya wangu, kiti kikiwa chini yake, na mjukuu wangu ana vumbi la chaki puani.

"Babu," akasema, "nimekupandishia."

Kutendesha na kutendea ndani ya kitenzi kimoja, na vyote vimekaa mahali pake. Sikuufuta.