Subira Si Jogoo

Dada wa mapokezi aliipokea bahasha yangu ya maombi ya kazi, akaigonga muhuri, akanipa ahadi ya neno moja: “Tutakupigia.”

Nikaenda nyumbani kusubiri. Simu niliingia nayo mpaka bafuni, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni uliosalimika na marufuku ya 2019. Ikilia, nilikohoa kwanza kusafisha koo, kisha nikaitikia kwa Kiswahili cha taarifa ya habari. Aliyefaidi sauti hiyo ni mzee mmoja aliyekosea namba, akitafuta mtu wa kumzibulia choo.

Mwezi ulipokatika nikampigia bibi, Muheza.

“Shikamoo bibi. Nimesubiri mpaka imani imeniisha.”

“Marahaba. Imani gani, mjukuu wangu? Wewe una wahka tu. Yule kuku niliyekupa anafanya nini?”

“Amelalia mayai tangu jana.”

“Basi mtazame huyo. Siku 21. Na usimsumbue!”

Mayai yalikuwa manane, yote ya baba mmoja: jogoo wa jirani, asiyejua maana ya ua. Nikaona chini ya kuku nafasi bado ipo, na mimi si mtu wa kuacha nafasi ipotee. Nikaenda dukani kwa Mangi, nikanunua mayai manne ya kisasa, makubwa, ya kung’aa, nikayasukumiza chini ya mbawa zake usiku. Kuku akanidonoa, kisha akayakusanya kama aliyataga mwenyewe. Kichwani tayari nilikuwa na vifaranga 12, na mwakani mradi.

Kusubiri kwa kuku kulinishangaza. Aliyageuza mayai kwa mdomo, akatoka mara moja kwa siku kula, kunywa na kuoga mchanga, akarudi kukaa. Mimi nisiyetaga chochote nilikuwa nimeshachungulia mara kumi.

Siku ya nane uvumilivu ukanishinda. Nilikuwa nimesikia kwamba yai hupimwa kwa mwanga, nikavizia kuku ametoka, nikayamulika kwa tochi ya simu. Yale manane yalikuwa na nyuzi nyekundu zilizotawanyika kama miguu ya buibui, na doa jeusi katikati. Masikini, yameoza! Manne ya Mangi yalikuwa safi, hayana hata waa. Nikashukuru Mungu kwa hayo, nikanyoosha mkono niyatupe yale yenye maradhi. Hapo ndipo mwenye kiota aliporudi. Kovu ninalo mpaka leo, na ndilo lililookoa ukoo mzima.

Siku ya 21 ganda la kwanza likatoboka. Kifaranga akasukuma, akapumzika. Akasukuma, akapumzika. Adhuhuri ikapita, alasiri ikapita. Nikachukua kijiko cha chai nimsaidie, lakini kwanza nikampigia bibi.

“Weka kijiko chini! Ukimbandua kabla ya wakati utamtoa damu. Mwache, anajua kazi yake.”

Kulipokucha, yale manane niliyoyahukumu yalikuwa vifaranga wanane. Manne niliyoyashukuru yalikuwa bado yanang’aa.

“Bibi, kuku wako amekata tamaa mapema. Amebakisha manne.”

“Manne yapi?”

“Niliyomwongezea. Ya dukani.”

Bibi alicheka mpaka nikaogopa salio litaisha. “Mjukuu wangu, kuku wa mayai ya dukani wanafugwa bila jogoo. Ungemlaza huyo maskini mpaka kiama. Subira si jogoo!”

Neno hilo likaniganda. Nikaingia ndani, nikatoa nakala ya barua yangu ya maombi, ambayo niliiamini kiasi cha kutoisoma tena tangu niichape. Anwani, sawa. Elimu, sawa, na chumvi kidogo. Namba ya simu nikaihesabu kwa kidole. Tarakimu tisa. Nikahesabu kuanzia mwisho kuja mwanzo. Tisa. Namba za nchi hii zina kumi.

Karibu miezi miwili nilikuwa nimeatamia yai la Mangi. Nimefunga Jumatatu na Alhamisi simu ilie, nimemsema dada wa watu kwa majirani, nimemshtakia Mungu ucheleweshaji ambao karani wake alikuwa mimi.

Siku iliyofuata kuku aliwaongoza wanawe kwenda kuparua jalalani, wala hakugeuka kuyatazama yale manne. Nami nikashika njia na barua mpya. Dada akaipokea, akaigonga muhuri. Nikamwomba anihesabie namba. Akanitazama kwa huruma, akahesabu: kumi.

“Tutakupigia,” akasema.

Nimerudi nyumbani kusubiri. Bafuni siku hizi naenda bila simu. Yai hili lina jogoo.